Chungu cha Nyuma ya Pampu

Damu za watu kumi na wawili zilikuwa zimefanana, na hapo ndipo chai ya Sechelela ilipopoa bila kuguswa.

Alikuwa ameamka na furaha siku hiyo. Kituo cha mizabibu cha Chisamila, mwendo wa nusu saa kutoka Dodoma mjini, kilikuwa kimetimiza miaka miwili ya majaribio, na kwa mara ya kwanza kompyuta ya mradi ilikuwa imekubali kumwonyesha rekodi za damu za wazee wote, majina yakiwa yamefichwa. Alivaa hata gauni jipya, kana kwamba mchoro ungemwona. Akaketi, akafungua, akaikuta mistari kumi na miwili. Kwa miezi kumi ya mwanzo sita ilipanda na sita ikabaki chini, kama ilivyotakiwa. Mwezi wa kumi na moja ile ya juu ikashuka, ile ya chini ikapanda, na tangu hapo yote ilikuwa imelala pamoja katikati kama watoto kwenye mkeka mmoja.

Sechelela Mloli alikuwa mpimaji wa kituo, mwanamke wa miaka thelathini na minne asiyeamini miujiza. Mashine ikimwambia jambo la ajabu, yeye huanza kwa kuituhumu mashine. Akaizima, akaiwasha. Mistari ikarudi vilevile.

Akatoka kwenda shambani kuikagua mizabibu. Kila mzee wa mradi alikuwa na mzabibu wake, mmea mmoja uliooteshwa kwa ajili yake na kufundishwa miaka mitatu kuisikiliza damu yake kupitia bangili aliyovaa mkononi. Bangili ikisema damu ya mwenyewe imepungukiwa na dawa ya mzabibu huo, bomba la maji kwenye shina hujifunga na taa kali huwaka juu ya majani. Mmea huingiwa na hofu. Mzabibu ukiogopa, iwe ni kwa kiu, jua au ukungu, hujitengenezea kinga kwenye ganda la tunda, na kinga hiyo ndiyo resveratroli, ileile iliyowafanya watu wa zamani waisifie divai nyekundu kwamba ni rafiki wa moyo. Walibishana juu yake karne nzima. Wapenda divai walishinda mezani, maabara wakashindwa, kwa sababu ndani ya glasi moja imo kidogo mno: anayeitaka ya kumfaa angelazimika kumaliza pipa, na ini lake lingeaga kabla akili haijaonja faida yoyote. Mizabibu ya Chisamila iliweka kiasi cha pipa ndani ya chupa moja ndogo ya mchuzi wa zabibu usio na kilevi. Kwa wazee walioanza kusahau, chupa hiyo ilikuwa tumaini.

Ila si chupa zote. Mizabibu sita ilikuwa ya kweli, sita ilikuwa ya kawaida tu, yenye zabibu za rangi ileile na ladha ileile, ili mwisho wa siku watu wapate cha kulinganisha. Nani alikuwa na upi, hakuna aliyejua pale Chisamila. Orodha ilikuwa mjini kwa Daktari Imelda Rwegoshora, mkuu wa mradi, imefungwa kwa kufuli tatu za kompyuta.

Mizabibu yote kumi na miwili ilikuwa salama. Hakuna bomba lililopasuka wala waya uliotafunwa na panya. Sechelela akasimama katikati ya mistari ya mimea, jua likimchoma utosini, akaanza kuwaza juu ya chupa. Kifuniko cha chupa hakikubali kufunguka mpaka kikutane na bangili ya mwenyewe. Waliobuni kifuniko hicho walikuwa wamepewa tuzo. Chupa ilimjua mwenyewe barabara. Kilichotokea baada ya kufunguka, haikuwa na habari nacho.

Na katika hao kumi na wawili alikuwamo baba yake.

* * *

Mzee Ndahani Mloli alikuwa amefanya kazi ya ukaguzi wa reli miaka thelathini na sita, na alikuwa mtu wa kukuambia boliti ipi ililegea karibu na stesheni ipi mwaka gani. Alipoanza kuugua, alisahau kwanza boliti, kisha stesheni, kisha njia ya chooni. Siku ya kuandikishwa alipata alama arobaini na moja kati ya mia kwenye jaribio la kumbukumbu, chini kuliko wenzake wote, hata sheria ikamtaka Sechelela atie saini kwa niaba yake kama msimamizi.

Miezi kumi baadaye alikuwa na sabini na moja. Sechelela hakuwahi kuwa na furaha kama ya siku zile. Baba alikuwa akimsubiri mlangoni jioni na habari. Alimweleza jinsi mama yake, marehemu Foibe, alivyokataa majina matatu ya ukoo kabla ya kumpa lake. Alianza hata kumkosoa upishi wake, jambo ambalo mtu mwingine angelichukia, lakini Sechelela aliingia jikoni akalia kwa shukrani.

Kisha alama zikashuka hadi hamsini na nane, zikagoma hapo. Baba hakurudi shimoni, ila kilele nacho kikamponyoka. Kuna asubuhi alimwita Sechelela kwa jina la shangazi yake aliyekufa zamani. Sechelela alijilaumu. Alipunguza chumvi, akaongeza mboga, akagombana na jirani juu ya redio. Mwaka na zaidi alikuwa akimtafuta mchawi, kumbe mchawi mwenyewe hana uchawi wowote, anatoka nyumbani kila siku saa tisa na nusu na kofia yake kichwani.

Siku hiyo alimfuata. Saa kumi alasiri kwa kawaida Sechelela hujifungia kwenye chumba cha vipimo, na wazee walilijua hilo fika. Aliwaona wakichukua chupa zao dirishani mmojammoja, wapole kama wanakwaya, kila mmoja akigusisha bangili, kifuniko kikilia tii, kisha wakizunguka nyuma ya nyumba ya pampu. Akazunguka naye.

Walikuwa wamekaa duara kwenye magogo, wanaume saba na wanawake watano, na katikati yao palikuwa na chungu cheusi. Chupa zote kumi na mbili zilikuwa tupu. Bibi Damari, mkunga mstaafu mwenye mikono mikubwa, alikuwa akikoroga mchuzi kwa kata ya kibuyu. Alichota, akampa aliye kuliani kwake, naye akanywa funda moja akapitisha.

"Mbukwenyi," Sechelela aliwasalimu, maana hakupata neno lingine.

Wakamwitikia kwa heshima zote. Hakuna aliyeshtuka sana. Bibi Damari alimsogezea gogo akae, na alipokataa, akalirudisha lilipokuwa.

Ukweli ni kwamba kosa lile lingeweza kufanyika pale tu. Wengi wa wazee wale walikuwa rika moja, wameingia jandoni na unyagoni msimu mmoja, na Chisamila watu wa rika hawanywi vyombo mbalimbali wakiwa wamekaa pamoja. Kufungua chako ukanywa peke yako mbele ya mwenzako ni kumtangazia kwamba humwamini, au kwamba umemfanyia jambo. Mkataba wa mradi ulikuwa na kurasa arobaini. Ulikataza pombe, ugoro na dawa za mizizi, ulikataza hata kuvua bangili bafuni, lakini aliyeuandika alikuwa na meza yake na kikombe chake, na jambo hili halikumpitia akilini.

Sechelela akawauliza kama hawakukumbuka sharti la kutokunywa chupa ya mwenzako. Mzee Chibago, rafiki wa baba yake tangu utotoni, alijibu kwa utulivu kuwa wanalikumbuka, kwa kuwa kukumbuka ndiko kulikowaleta pale. Hawajanywa ya mwenzao. Wanakunywa ya wote, na hiyo haikutajwa kwenye ukurasa wowote.

"Nani alianza?" Sechelela akauliza.

Kata ilikuwa imefika kwa baba yake. Alikunywa kwanza, akaifuta kwa kiganja, akaipitisha.

"Mimi," akasema Mzee Mloli. "Nilimkuta Chibago amesimama kwenye mfereji, nyumba ya tatu kutoka kwake, ananiuliza njia ya kwake. Ananiuliza na mimi ni nani. Nikaona mimi napanda, mwenzangu anashuka, na chupa zetu tunazichukua dirisha moja. Nikajua yake ni maji ya rangi."

"Baba, unajua umepoteza nini?"

"Nimepoteza, ndiyo. Naona mwenyewe, asubuhi nyingine natafuta jina lako kama mtu anayetafuta miwani." Akamtazama, na macho yalikuwa yale yale ya mkaguzi. "Lakini nikikumbuka peke yangu, mwanangu, nani ataniambia nimekosea wapi?"

Sechelela alikuwa na hasira, na aliionea haya hasira ile, kwa sababu mbele yake Mzee Chibago alikuwa akimkumbusha Bibi Damari jina la mjukuu wake wa saba, na Bibi Damari alikuwa akicheka.

* * *

Alirudi mbele ya skrini. Pale chini palikuwa na kisanduku cha maelezo, na ilitosha kuandika maneno matatu, hitilafu ya mizabibu, mambo yakaishia hapo. Ila yangeishia pabaya. Kompyuta ingeona watu kumi na wawili wenye nafuu sawasawa, ingesema mzabibu mpya hauna tofauti na wa kawaida, na trekta lingekuja kuing'oa yote. Mahali pengine wazee wasiomjua Chibago wangeendelea kusahau kwa sababu mpimaji mmoja wa Chisamila aliona aibu.

Akaandika yote, pamoja na chungu, kata na funda moja moja, kisha akamwagilia maua nje ya ofisi mpaka yakaelea.

Daktari Rwegoshora alifika Alhamisi. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini, asiyepaza sauti, na ukimya wake ndio watu waliouogopa. Aliisoma ripoti kwa mara ya pili mbele ya Sechelela, akaomba apelekwe nyuma ya pampu, akakitazama chungu kwa muda mrefu. Aliuliza kinachukua lita ngapi. Aliuliza kama huoshwa. Kisha akarudi ofisini, akafungua kufuli zake tatu na kumwonyesha orodha. Mzabibu wa Mzee Mloli ulikuwa wa kweli. Wa Mzee Chibago ulikuwa wa kawaida.

Daktari akaeleza hali ilivyo. Mizabibu ile sita ilikuwa imekazwa hadi mwisho. Bangili zilikuwa zimelalamika mwaka mzima kwamba damu za wenyewe zina upungufu, na mimea ikabanwa kiu mpaka karibu ife. Haiwezi kutoa zaidi. Mizabibu mipya sita ingechukua miaka mitatu kuoteshwa na kufundishwa, na baada ya miaka mitatu bila kitu, wale wa maji ya rangi hawatakuwa na cha kuokoa. Kwa hiyo ipo dawa ya watu sita, na wapo watu kumi na wawili.

"Njia ziko mbili," akasema. "Tuwatenganishe, kila mmoja anywe chake nyumbani mbele ya mhudumu. Sita watapanda tena, baba yako akiwa wa kwanza. Au chungu kiendelee, tukiandike kama jaribio jipya la kipimo nusu. Rekodi za damu tunazo, kisayansi linasimama. Lakini hapo mwenye mzabibu wa kweli awe anajua anachokitoa, na atie saini."

"Na wengine wanasemaje?"

"Watano wana alama za kutosha kujisainia. Nimewauliza leo asubuhi. Wote watano wamesaini chungu." Akamsukumia karatasi. "Baba yako sheria haimruhusu. Unasaini wewe."

Sechelela akauliza itakuwaje akimtoa baba yake. Daktari alimjibu bila kumzungusha. Chungu kitabaki na mizabibu mitano, wote watashuka kidogo, na walio dhaifu zaidi watashuka zaidi. Hakumtaja Chibago kwa jina.

Alipofika mlangoni aligeuka. "Msimamizi hatakiwi kuandika anachokitaka yeye. Anatakiwa kuandika ambacho mgonjwa angekitaka akili yake ikiwa nzima. Najua ni rahisi kusema."

* * *

Karatasi ilikaa juu ya meza ya jikoni siku mbili, chini ya kopo la majani ya chai. Baba aliiona akadhani ni bili ya maji, akasema zimepanda.

Sechelela alimtaka baba yake. Hakutaka kujidanganya kuhusu hilo. Alimtaka mzima, yule wa alama sabini na moja, mwenye majina matatu ya ukoo na maneno makali juu ya maharage yake, na aliweza kumpata kwa saini moja ambayo hakuna mtu duniani angemlaumu kwayo. Yule mzee aliyesema maneno mazuri nyuma ya pampu ni wa hamsini na nane. Angejuaje kama ni baba yake aliyesema, au ni ugonjwa uliomfanya mpole? Wagonjwa wengi wa aina yake hugawa vitu. Bibi mmoja mtaani aligawa vyombo vyote, akamalizia na mlango.

Jumamosi mchana, baba akiwa amelala kwenye kiti kibarazani, alishika kalamu na kuiweka kwenye kisanduku cha kwanza, cha kutenganisha. Mkono ukakataa. Si kwamba moyo ulikuwa umeamua. Alikuwa mpimaji tu, na mpimaji hasaini kabla ya kuangalia tarehe.

Akafungua rekodi, safari hii majina yakiwa wazi. Mstari wa Ndahani Mloli ulipanda mwezi baada ya mwezi. Jaribio lililompa alama sabini na moja lilifanyika siku ya Jumatatu. Damu yake ilianza kushuka Jumatano ya wiki ileile. Basi chungu kilikuwa kimeanza Jumanne.

Sechelela akaisoma tena, taratibu, kwa kidole. Baba hakuugawa mzabibu wake kwa sababu akili ilikuwa imepungua. Siku aliyougawa alikuwa na akili nyingi kuliko siku nyingine yoyote ya ugonjwa wake. Aliona alikofika, akaona pa kufika zaidi, akajua ni kiasi gani kitamtoka, maana alikuwa mkaguzi na alikuwa akijikagua kila asubuhi. Kisha akamshika rafiki yake mkono, akaenda kumimina.

Aliweka tiki kwenye kisanduku cha pili, akasaini. Akalia vizuri, machozi ya kutosha, ya mtu aliyenyimwa kitu na wakati huohuo akapewa sababu ya kujivunia baba aliyenaye. Baada ya hapo aliosha uso, akachemsha maharage, akayatia chumvi anayotaka mzee.

* * *

Jumatatu saa kumi alizunguka nyuma ya pampu, si kwa kunyemelea tena. Kituo kilikuwa kimeleta kata mpya ya kupimia, yenye mstari ndani, na Bibi Damari alikuwa ameipokea kwa shukrani kisha akaitundika ukutani, akaendelea na ile ya kibuyu. Mwishowe walipatana: mstari ukachorwa ndani ya kibuyu.

Sechelela akawaeleza kwamba karatasi zote sita zimetiwa saini na chungu sasa ni halali, kina hata namba ya jaribio. Wazee wakapiga makofi. Mtu akataka kujua kama namba hiyo inaweza kuchorwa kwenye chungu. Mzee Mloli peke yake hakupiga makofi; alikuwa ameweka kofia magotini, akimtazama binti yake kwa mashaka.

"Saini zangu mimi?" akauliza. "Za kugawana?"

"Ndiyo, baba."

"Nani aliamua hivyo?"

Sechelela alikuwa amejiandaa kwa mengi, lakini hili hakulitarajia, kwamba baba amelisahau. Aliona uso wa mzee ukitafuta na kukosa, na kwa dakika ile alitamani arudi jikoni akafute tiki yake.

Mzee Chibago ndiye aliyejibu. Alikuwa wa pili kutoka kwa Bibi Damari, na hakuharakisha.

"Wewe, Ndahani," akasema. "Jumanne, mvua ilikuwa imekatika asubuhi. Ulinitoa kwenye mfereji ukaniongoza mpaka hapa, viatu vyangu vimejaa matope. Ukamtuma Damari akalete chungu. Damari akakuuliza kama unajua unachokifanya. Ukamwambia unajua, na ya kwamba iko siku utasahau. Ukaniambia siku hiyo ikifika, mimi nikukumbushe." Akapokea kata kutoka kwa jirani yake, akaishika bila kunywa. "Basi nakukumbusha."

Wote walimsubiri Mzee Mloli, hata Bibi Damari aliacha kukoroga.

"Nilipanga vizuri," akasema mzee hatimaye, akarudisha kofia kichwani na kunyoosha mkono apewe kata.